Wembe Uliorudishwa Mara Mbili

Rwezamenyo, Kigali
3 Oktoba 1993

Mume wangu Manzi,

Hivi miguu imekukatika? Au barabara za huko Tabora zinaingia tu, hazitoki? Ulimwoa Kaze Jumamosi ya tarehe tatu mwezi wa saba, ukakaa nasi siku kumi, ukaondoka na wembe wa kukunja wa babu yako na maneno matamu: "Bibi, mwezi mmoja tu, naurudisha umepona." Nimehesabu miezi kwa vidole. Kidole cha kwanza kimepita, cha pili kimepita, sasa nimeshika cha tatu. Wewe ni mjukuu au ni mgombea wa uchaguzi?

Baada ya kukugombeza, salamu. Asalaam aleikum. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto bado linaijua mvua kuliko redio. Paa la jikoni limezibwa. Kaze ameweka cherehani yake barazani, na sare za shule zimemjaa hadi mlangoni. Yeye ndiye anayeandika barua hii, kwa kuwa mimi kalamu sikuishika, nilishika jembe na vichwa vya watoto. Kila nikikutukana naona kalamu inasita. Nimemwambia, "Andika, mke mwenzangu, andika nilivyosema, usimtilie sukari." Anacheka. Basi ujue humu umeletewa nusu tu ya ukali wangu.

Sasa sikiliza. Mke mwenzangu ana mimba. Ameona haya kuliandika hilo, nimemlazimisha. Mtoto ni wa mwezi wa nne, inshallah.

Kwa hiyo wembe si kumbukumbu ya kuweka kabatini tena, wembe una kazi. Tangu marehemu babu yako Rutayisire aupate kwa yule Mwarabu wa vitambaa, hakuna mtoto wa nyumba hii aliyenyolewa siku ya saba kwa chuma kingine. Baba yako Mutabazi, Mungu amrehemu. Shangazi zako. Wewe mwenyewe, ulilia hadi watu wa msikitini wakauliza kuna nini. Babu ananyoa, mimi nashika kichwa, nywele nazizika chini ya mgomba uani. Babu hayupo, zamu ni yako. Nautaka wembe, na nautaka mkono wako umeushika.

Na kwa kuwa wewe ni seremala, na seremala hudhani kila kitu ni mlango, nakukumbusha. Zile pembe nyeusi za mpini zilizoliwa na wadudu, tupa. Chonga vibao viwili vyembamba vya mbao, mbao kavu, umesikia, kavu. Chuma usikiguse kwa mashine. Kikipata moto kikageuka bluu, kimekufa, hakitashika makali tena. Kutu itoe kwa majivu na mafuta, kwa kidole, kwa subira ambayo huna. Na ile kabari ya madini ya risasi inayokaa kati ya vibao kule nyuma, usiifanye nene sawasawa. Iwe nene huku, nyembamba kule, ili vibao vipinde kidogo, vimkumbatie wembe kiunoni bila kumbana mdomo. Babu yako aliniambia hayo miaka arobaini, nikiwa napika. Unadhani nilikuwa sisikii?

Najua kwa nini uliondoka ile Januari ya tisini na moja. Zile wiki ulizolala chini kule uwanja wa mpira, umefungiwa na wenzako bila kosa, hatuziandiki. Lakini wakubwa wametia saini amani Arusha, redio imesema, watu wamecheza barabarani. Basi na wewe acha kujificha nyuma ya randa. Rudi.

Bibi yako Nyirarukundo
kwa mkono wa Kaze


Tabora
9 Novemba 1993

Mke wangu mkubwa, Bibi Nyirarukundo,

Waaleikum salaam. Barua yako ilikaa siku kumi na mbili kwenye kamyo ya Gratien, maana lori lilimharibikia Kahama. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilipofika kwenye habari ya Kaze nilitoka nje ya karakana, mara ya tatu nilimsomea Mzee Kapaya, mwenye karakana. Amesema damu ya shangazi yake, mama yake babu Rutayisire, haijapotea, na anakusalimu sana.

Mimi ni mzima. Nimepata chumba nyuma ya karakana, kina dirisha, nimekipiga chokaa. Kaze asiwe na wasiwasi, sitamleta kulala kwenye maranda ya mbao. Watu wengi wanafika hapa kutoka Burundi baada ya rais wao kuuawa mwezi uliopita. Wengine tumewatengenezea vitanda. Siulizi walikotoka, wenyewe pia hawasemi.

Wembe, Bibi. Nilichelewa kwa sababu niliuogopa. Kuuweka mezani nikaona kama babu amesimama nyuma yangu. Kutu ilikuwa imeingia hadi kwenye maandishi ya chuma. Nilisugua kwa majivu ya mkaa na mafuta ya alizeti wiki mbili, kila jioni baada ya kazi, hadi kidole kikaota ngozi mpya. Mashine sikugusa. Kuna vidoa vidogo mgongoni nimeviacha. Makali ni safi.

Vibao nimechonga vya mninga. Una rangi nyekundu kama chai ya rangi, na unanukia ukipigwa msasa. Riveti za kushika vibao nimetengeneza kwa waya wa shaba, nikazigonga polepole kwa nyundo ya fundi saa. Risasi ya kabari nimeipata kwenye betri mbovu ya gari.

Nampa Gratien aulete, uukague mwenyewe kabla sijafika. Nitakuja Desemba, katikati ya mwezi, nikae hadi mtoto azaliwe.

Bibi, katika barua yako hukuniambia majirani wakoje. Wale wa upande wa juu.

Mume wako mdogo,
Manzi


Rwezamenyo
28 Novemba 1993

Manzi,

Asalaam aleikum. Hatujambo. Hatujambo kabisa. Kaze anakula kwa watu wawili na kukasirika kwa watu watatu. Mvua ni nyingi. Majirani ni wazima. Silvère wa kwa Pudentienne anakusalimu, yule ambaye babu yako alikuwa akimnyoa bure kila shule zikifunguliwa, hadi siku moja alijitikisa akapata kovu nyuma ya sikio. Amekuwa mtu mkubwa sasa, ana viatu vya ngozi. Alipita kukuulizia. Nilimwambia hujambo.

Wembe umefika. Nimeushika, nimeufungua, nimeufunga, na sasa nakuuliza: mbao kavu ni nini kwenu Tabora? Mninga wako ulikuwa mbichi. Hapa kwetu kuna ukungu, mbao imekunywa hewa, kibao kimoja kimejipinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Ukifunga wembe, ncha ya makali inalamba mbao. Ina maana kila ukifunga unauua. Na kabari umeichonga nene sawasawa, kama matofali. Nilikuambia nini? Nilikuwa namwambia Kaze aandike au nilikuwa naimba?

Chuma, ndiyo, umekisafisha vizuri. Hilo nakupa. Nililia kidogo nilipoyaona yale maandishi, na mimi hata siyasomi.

Nimemrudishia Gratien. Anza upya. Tafuta mpingo, mpingo haunywi hewa.

Na Desemba usije. Mtu hatembei na kazi mbovu. Kaa hapo uimalize kwanza, kwa utulivu, usiharakishe. Mwezi wa nne uko mbali.

Bibi yako


Tabora
20 Desemba 1993

Bibi yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Kaze. Nimekosa, nakubali. Ule mninga niliuchukua kwenye rundo la juu, nilikuwa na haraka ya kukufurahisha. Mzee Kapaya aliposikia ulivyosema, alicheka hadi akakohoa: "Mwanamke yuko Kigali anaona maji ndani ya mbao ya Tabora!"

Sasa nimepata mpingo. Ulikuwa mguu wa kiti cha marehemu baba yake Kapaya, umekauka miaka zaidi ya thelathini. Ni mgumu, msumeno unalia. Nimechonga vibao hadi mwanga unakaribia kupita. Kabari nimeitengeneza mara nne: nene kwenye mgongo, nyembamba upande wa makali, kama ulivyosema. Wembe ukifungwa unasimama katikati, haugusi huku wala kule. Nilipitisha karatasi ya sigara pande zote mbili.

Mzee Kapaya amejinyoa nao siku ya Ijumaa, akaenda msikitini anapapasa mashavu mbele za watu.

Umeniambia nisije Desemba, nimetii. Lakini kazi imekwisha. Gratien anauleta, na mimi nafuata mwisho wa Januari. Ruhusa nimeshapewa.

Hukunijibu kuhusu majirani. Umesema "wazima." Hata sisi uwanjani, ndugu zetu wakiuliza nje, waliambiwa ni wazima.

Manzi


Rwezamenyo
16 Januari 1994

Manzi wangu,

Asalaam aleikum. Kwanza nikuchekeshe, maana baadaye nitakuudhi.

Gratien amefika hapa na nusu ya ndevu. Nusu ya uso mtu mzima, nusu kama mtoto wa komunyo. Nikamwuliza, "Sha, umepigana na mbuzi?" Kumbe kwenye bariyeri ya pili ya askari baada ya Kibungo walimpekua, wakaukuta wembe. Askari akasema, "Hii kisu iko ya nini?" Gratien akasema, "Afande, haiko kisu, iko wembe ya ndevu." "Nyoa tuone." Akajipaka sabuni kwa maji ya radieta, akaanza kujinyoa pale pale, watu wa basi la nyuma yake wanatazama. Alipofika katikati wakachoka kuangalia, wakamwambia apite. Anasema mkono wake haukutetemeka. Mwongo. Ana kikwaruzo kidevuni.

Siku hizi hapa mjini kuna maandamano, mara barabara imefungwa, mara imefunguliwa. Kaze anashonea nyumbani, barazani hakai tena, jua ni kali. Mtoto anapiga teke usukani wa cherehani.

Sasa wembe. Haufai. Mpingo wako ni mzito, unavuta mkono chini. Tena ni mweusi mno. Mpini wa babu yako ulikuwa wa rangi ya asali, mtoto akiuona haogopi. Huu ukimwonyesha mtoto atadhani ni usiku umeingia. Nimeurudisha. Tafuta mbao nyepesi, ya rangi ya asali. Chukua muda wako. Chukua hata miezi mitano.

Na mwisho wa Januari usije. Usije, Manzi. Kazi haijaisha.

Bibi yako

*Mume wangu, haya ninayaandika mimi mwenyewe, na Bibi anadhani bado naandika salamu zake kwa Mzee Kapaya. Wembe ni mzuri. Alimkalisha Gratien kwenye kigoda cha babu akammalizia nusu iliyobaki, na chuma kikapita kama maji. Kisha aliufunga, akauweka kifuani, akaingia chumbani. Alipotoka akaniambia, "Andika haufai." Sijui ana nini. Ukisikia kwamba sikai barazani kwa sababu ya jua, jua kwamba hakuna jua. Njoo. Kaze.*


Tabora
6 Februari 1994

Bibi,

Salamu. Leo sina utani.

Wembe uko mbele yangu mezani. Sijaugusa, kwa sababu hauna cha kuguswa. Gratien amenieleza ulivyommalizia ndevu. Anasema hata hakuhisi.

Barua yako ya Oktoba ninayo. Umeandika kwa maneno yako: "zile pembe nyeusi za mpini." Nyeusi, Bibi. Nimekulia kwenye kigoda kile, nimeuona ukifunguliwa kila siku ya maisha yangu. Rangi ya asali imetoka wapi?

Hujawahi kunidanganya. Hata baba alipofariki na watu wakasema mtoto aambiwe amesafiri, wewe ulinikalisha ukaniambia amekufa, ukanishika hadi nikanyamaza. Sasa unanidanganya kuhusu mbao mbili. Kwa nini unanifukuza nyumbani kwangu?

Uniambie au usiniambie, ninakuja. Mtoto wangu hatanyolewa na mtu mwingine. Safari ya Gratien baada ya sikukuu ya mfungo, nitakuwa kiti cha pembeni.

Manzi


Rwezamenyo
27 Februari 1994

Manzi,

Huu mwandiko si wa Kaze, ni wa Illuminée, jirani wa nyuma, yule mwalimu. Kaze amelala. Tumo kwenye mfungo na amekataa kula mchana ingawa nimemwambia mjamzito ameruhusiwa. Gratien akupe barua hii mkononi, na usiisome mbele za watu.

Nilikudanganya. Pembe zilikuwa nyeusi. Na mpini wako ni mzuri kuliko ule wa babu yako, Mungu anisamehe na yeye anisamehe.

Wiki ile wembe ulipofika mara ya kwanza, Kaze akiwa amekwenda kununua nyuzi, Silvère aliingia uani na mwenzake na karatasi. Wanaandika nani anakaa nyumba ipi. Niliwapa maji ya kunywa. Mimi sisomi, lakini niliona kidole chake kimesimama kwenye mstari mmoja kikakaa. Nikamwuliza, "Hapo pameandikwa nini?" Akasema, "Manzi wa Mutabazi." Nikasema, "Anatafuta nini kwenye karatasi yako na hakai hapa?" Akasema, "Waliokuwa uwanjani wamo wote, Bibi. Akija, mwambie aje anisalimu kwanza."

Nilimtazama nyuma ya sikio, kovu lipo. Kichwa kile nimekishika kwa mikono yangu miwili, babu yako akimwambia, "Tulia, mwanangu, tulia." Sikujua kama ananionya au ananitisha. Mpaka leo sijui. Nadhani na yeye hajui.

Ukiniuliza, Kaze yumo? Nilimwuliza hivyo hivyo. Akakunja karatasi akasema, "Bado."

Wiki iliyopita wameua watu wakubwa wa vyama, mji ukafungwa siku tatu. Sisi wa mtaa huu tumekaa pamoja, hakuna aliyegusa mlango wa mwenzake, wa msikitini na wa kanisani. Illuminée ananiambia nisiandike mengi. Nimemwambia, "Wewe andika, mengi nitayaacha mimi mwenyewe."

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ukisikia hatari iko kwenye mlango wa Kaze, utakuja mbio. Nilifikiri wembe utakushika. Nilifikiri, mpe mbao, seremala akiwa na mbao hasogei. Nimekuchezea kama mtoto, na wewe si mtoto tena.

Sasa unajua. Nakuomba, na mimi siombi watu. Usije.

Nyirarukundo


Rwezamenyo
17 Machi 1994

Mume wangu,

Ikiwa unasoma haya, umefumua mkanda wa kunolea wa babu yako kama nilivyomwagiza Gratien akuambie, na umekuta karatasi kati ya ngozi na turubai. Vizuri. Illuminée ndiye aliyeandika na ndiye aliyeshona. Ushonaji wake ni mbaya, Kaze angeucheka, ndiyo maana hatukumwonyesha.

Na Kaze si wa kuandika tena barua zangu, kwa sababu Kaze umeshamshusha kwenye kamyo. Mpe maji. Mvue viatu, miguu itakuwa imevimba. Usimwulize kitu kwanza.

Nieleze. Jibu lako sikulipata kwa karatasi. Gratien alisimama hapa uani siku ya pili ya Idi, kofia mkononi, akasema, "Bibi, amenituma mdomo tu. Anasema wembe unaweza kusubiri, mtoto hawezi. Safari ijayo nakuja naye, na nikikataa atakuja kwa miguu." Nikamwambia Gratien, "Keti ule." Akala. Mimi nikakaa nafikiri. Nikajiuliza, huyu anavutwa na nini? Si mimi, mimi ni mzee, ananijua. Si nyumba. Anavutwa na kichwa kidogo ambacho bado hakijatoka. Basi, nikasema, kichwa hicho ndicho kitakachosafiri.

Kaze alikataa. Alilia, akanishika kanga, akasema, "Bibi, kwa nini usipande wewe pia?" Usiniulize na wewe. Nafasi ilikuwa moja, na mimi sina mimba. Tena nyumba ikifungwa kufuli, kesho yake wanaandika kwenye karatasi kwamba wenyewe wamekimbia, na aliyekimbia ana kosa. Nikikaa barazani naonekana, nawagombeza watu, hapo hapana habari. Tumemwekea godoro kitini, na Gratien ameapa ataendesha kama amebeba mayai. Karangamuntu ya Kaze, kile kitambulisho kinachotaja kabila, iko kwenye mfuko wa ndani wa gauni, aliushona mwenyewe. Ukiipata, ihifadhi, usiitupe hata ukiichukia.

Silvère alikuja siku ya tatu ya Idi, Kaze akiwa amejificha chumbani. Nilimpa sahani ya pilau kama kila mwaka. Akauliza, "Mke wa Manzi yuko wapi, sisikii cherehani yake?" Nikasema amekwenda kwao Kagugu kujifungua. Wa kwanza ulikuwa uongo wa pembe, huu ni wa pili. Alikula akamaliza, akaniambia, "Kagugu ni pazuri," akaondoka. Hakuandika kitu. Au aliandika nje, sikuona.

Sasa kazi yako. Wembe unao, mkanda sasa unao. Siku ya saba, uupitishe mkandani mara thelathini, mgongo mbele, usigeuze kabla hujafika mwisho. Maji yawe ya vuguvugu. Mzee Kapaya asishike kichwa, mikono yake inatetemeka, mshukuru tu. Kaze ashike. Mwambie aweke kiganja chini ya kisogo na kidole gumba nyuma ya sikio, si juu ya sikio, asibane. Mtoto akijitikisa, wewe inua chuma kwanza, ndipo umwambie atulie. Babu yako alimwambia Silvère atulie kabla hajainua chuma. Ndivyo lile kovu lilivyoingia, na sikuwahi kumwambia mtu.

Akilia, mwache alie. Wewe ulilia, ukapona.

Jina mpeni ninyi. Akiwa wa kike, mkimwita Uwase nitafurahi. Akiwa wa kiume msimwite jina langu, watamcheka.

Kuja usije kwa kuhesabu siku zako. Subiri nikuite. Sauti yangu utaijua, itakuwa na matusi. Na siku nitakayokuita, mje wote watatu. Nywele za mtoto usizizike huko. Zifunge kwenye kitambaa cheupe, uniletee. Msipige hodi mlangoni kama wageni, piteni uani. Ule mgomba wa tatu kutoka ukutani, ndio ulio na nywele zako. Chimba hapo hapo, wewe mwenyewe, goti langu haliinami tena. Chimba kiasi cha kiwiko, nywele ziweke, fukia, nawa mikono, ndipo uingie ndani ule.

Bibi yako,
Nyirarukundo